Jua Lilipofika Mezani

Kwetu huku bonde la Waiau, kusini kabisa mwa dunia, jua haliingii jikoni kwangu majira yote ya baridi. Kaskazini ya nyumba kuna kilima, na jua la Juni hupita nyuma yake limeinamisha kichwa, kama mtu asiyetaka kusalimiana na majirani. Likianza kurudi huanzia kwenye kizingiti cha dirisha. Siku chache baadaye liko kwenye sinki, halafu kwenye mbao za sakafu, na Septemba ikiingia hupanda mezani. Asubuhi ninayoisimulia hapa lilikuwa limefika kwenye bakuli la sukari, na zile chembe zilizomwagika pembeni zilikuwa zinametameta.

Nilisimama nikaliangalia nikiwa na gauni la kulalia, sweta la mume wangu Murdo na soksi mbili juu ya mbili. Theluji ilikuwa bado iko kwenye vilele vya Takitimu, lakini malisho yalikuwa ya kijani kibichi, mierebi ya mtoni imeanza kupata rangi, na chini ya dirisha maua yangu ya manjano yalikuwa yamechanua yenyewe hata kabla sijayapalilia. Kondoo walikuwa wanazaa. Ukinyamaza ungewasikia wakiguna ile sauti ya chini, ya kooni, ambayo kondoo humtolea mwana aliyezaliwa leo tu na si mwingine yeyote.

Na Merehana alikuwa amelala.

Hilo ndilo lililonifurahisha kuliko jua. Merehana ni mke wa mwanangu Ewan. Mtoto wao, Eru, alizaliwa mwezi wa sita, kabla kabisa ya wakati wake, mdogo kiasi kwamba kofia niliyomfumia ilimfunika mpaka kidevuni. Alikaa hospitali kule Dunedin ndani ya kisanduku cha kioo, mama yake amekaa kitini kando yake. Madaktari walipomruhusu kuja nyumbani waliwapa wazazi masharti. Mtoto asipigwe na baridi. Wageni wasije. Apimwe uzito kila wiki. Na asinywe kitu kingine ila maziwa ya mama yake, na hayo yakamuliwe yatiwe kwenye chupa, maana nguvu za kunyonya ziwa alikuwa bado hana. Chumba chao cha nyuma kina baridi ya kugandisha maji ndani ya glasi, kwa hiyo tuliwahamishia jikoni, kitanda na makorokoro yote, karibu na jiko la kuni. Tukapika na kula tukiwazunguka.

Tangu hapo Merehana alikuwa hajui usingizi. Akifumba macho kidogo, anashtuka aangalie kama mtoto anapumua. Anakamua, anaweka chupa kwenye friji rafu ya juu, anapasha moto, anamnywesha kwa subira, tone kwa tone, anampigapiga mgongo, anabadilisha nepi, anaanza upya. Wiki iliyotangulia nesi Glenys alikuja na mizani yake, akapima, akapima tena, na uso wake ukabadilika. Uzito haukuwa umesogea.

"Tumpe wiki moja zaidi," alisema. "Ila kama haujapanda, dada, itabidi arudi Dunedin. Sitakuficha."

Merehana aliitikia kwa kichwa tu. Tangu siku ile hakumaliza sahani hata moja niliyomwekea. Na leo ndiyo siku ambayo Glenys angekuja tena.

Ndiyo maana nilipomkuta amelala chali, mdomo wazi, nywele zimetapakaa juu ya mto wa kitanda, nilisimama tu nikimtazama. Eru alikuwa kwenye kikapu chake kando ya kitanda, yuko macho, ametulia, anaangalia mwanga unavyocheza darini. Upande wa pili wa jiko, ndani ya boksi la ndizi, mwanakondoo naye alikuwa amelala tumbo limejaa. Murdo alimleta jana yake. Walizaliwa watatu, mama yao akawakubali wawili na huyu akampiga kichwa. Alikuwa dhaifu, hawezi kuivuta ile chuchu kubwa nyekundu ya mpira tunayowanyweshea wana wengine, kwa hiyo Murdo alichukua chupa moja ya mtoto kabatini, maana tulikuwa nazo nyingi na zote za aina moja, akaichora mstari wa bluu kwa ile rangi anayowawekea kondoo alama migongoni wakishazaa.

"Hii ya kondoo," alisema.

"Baba, hata uchore bendera," Merehana alimjibu, "maziwa ya mnyama yasikae karibu na ya Eru."

Tukakubaliana hivyo. Chupa ya kondoo ikae nje kibarazani, pamoja na dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza ya ng'ombe aliyezaa, ambayo Ewan huyaleta kutoka kwa jirani anakofanya kazi ya kukamua. Mwanakondoo akikosa dang'a siku za mwanzo hana maisha.

Sasa, kilichonishangaza zaidi asubuhi ile ni kwamba kando ya sinki, juu ya kitambaa safi, kulikuwa na chupa mbili za mtoto zimeoshwa na kuinamishwa zikauke.

Murdo aliingia akiwa na matope mpaka magotini, pua nyekundu, akavua mabuti mlangoni.

"Nani ameosha chupa?" nikamwuliza.

"Mimi."

"Wewe, Murdo?"

"Kwani humu kuna Murdo mwingine?"

"Tangu tuoane sijakuona ukiosha kijiko."

"Ndiyo maana vijiko vyako vimedumu." Akakaa, akasugua mikono mbele ya jiko, na niliona jinsi alivyokuwa anajisikia vizuri. "Kijana alianza kulia. Merehana hakusikia, fikiria! Nikasema leo simwamshi. Nikakuta chupa mbili zimeshapata moto kwenye sufuria pale pembeni ya jiko. Ewan atakuwa aliziweka kabla ya kwenda kukamua. Na huyu wa kwenye boksi naye anapiga kelele zake. Basi nikakaa hapa katikati, huku nimempakata huyu, huku nimembana yule kwa magoti. Wamemaliza wote. Mjukuu wako amevuta, Jessie! Amevuta kama mtu mwenye kazi ya kwenda kufanya."

Nilicheka. Nikamimina chai. Halafu, sijui ni nini kilinituma, nikauliza, "Ya kondoo uliitambuaje?"

"Si ina alama ya bluu."

Akainua kikombe. Akakishusha.

"Ila alama sikuiona," akasema.

"Hukuiona kwenye ipi?"

"Kwenye zote mbili. Nilidhani maji ya moto yameifuta. Ile rangi wameitengeneza itoke kwenye manyoya yakioshwa. Ikipata maji ya moto, si itatoka?"

"Sasa ukajuaje ipi ya nani?"

"Nikaangalia. Moja ilikuwa nyepesi. Nyingine nzito, ina umanjano hapa juu. Nikasema nzito ni ya mtoto, si Merehana anakula wale ndege wa baharini wenye mafuta tele, wanaovuliwa visiwani kwao? Maziwa yake lazima..."

"Baba."

Merehana alikuwa amekaa kitandani. Sijui alikuwa amesikia kuanzia wapi.

"Baba, umempa mwanangu nini?"

Alikimbia miguu mitupu mpaka kwenye friji. "Niliacha mbili. Hapa, rafu ya juu. Hazipo zote mbili."

"Moja Ewan atakuwa alimpa kabla hajatoka, kama kila siku," nikasema. "Nyingine ndiyo ilikuwa kwenye sufuria."

"Na ya pili kwenye sufuria ilikuwa ya nani?"

Nilitoka kibarazani. Barafu nyembamba ilikuwa bado kwenye ndoo ya mbwa. Pale pa kuwekea chupa ya kondoo palikuwa patupu. Niliporudi ndani sikuhitaji kusema neno, walinisoma usoni.

"Nzito yenye umanjano," Merehana akasema polepole. "Amempa dang'a. Dang'a mbichi ya ng'ombe." Alimwinua Eru, akamnusa mdomo, akamshika tumbo, akamnusa tena. Mtoto alimtazama tu. "Leo. Kati ya siku zote, leo."

Nilimpigia Ewan simu. Banda la kukamulia liko chini korongoni na simu haishiki huko, najua hivyo, lakini nilipiga, na nikapiga tena. Murdo alivaa mabuti yake kinyume, la kulia kushoto, akatoka kwenda kuwasha pikipiki yake ya magurudumu manne amfuate. Hata haijawaka, gari dogo la Glenys likaingia getini.

Glenys ni binti wa hapa hapa, alisoma darasa moja na Ewan. Aliingia na mizani yake kwapani, anatabasamu, akatuona tulivyo, akaiweka chini mizani.

"Nani kafa?"

Tukamweleza. Hakumgombeza mtu. Alinawa mikono, akamlaza Eru kitandani, akambonyeza tumbo kwa vidole viwili, akamsikiliza.

"Dang'a ilikuwa mbichi? Haikuchemshwa?"

"Mbichi," nikasema. "Kwa kondoo huwa hatuchemshi, nguvu yake inaondoka."

"Mzee Murdo, una hakika amemaliza chupa?"

Murdo alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. "Amemaliza yote."

Glenys alivuta pumzi. "Sikilizeni. Angekuwa mtoto mwingine ningesema tumwangalie tu hapa hapa. Kwa Eru sibahatishi. Tumbo lake bado ni changa. Nitampeleka mwenyewe hospitali ya Invercargill sasa hivi, wamwangalie leo na kesho. Wakiridhika anarudi."

"Wasiporidhika?" Merehana akauliza.

"Pakia nguo zake, dada."

Nilipakia mimi. Nepi, vesti za sufu, kofia zile, blanketi la miraba alilofuma mama yake Merehana akalituma kwa posta kutoka Bluff, kwa kuwa mwenyewe alikuwa hajaruhusiwa kuja. Huyo mama hajamwona mjukuu wake ila kwenye simu. Mikono yangu ilikunja vile vitu vizuri sana, ncha kwa ncha, kana kwamba vikikunjwa vizuri vitarudi haraka. Merehana alikaa kwenye ukingo wa kitanda, amemkumbatia mtoto, halii, hasemi. Afadhali angemfokea Murdo.

Nilimkuta Murdo kibarazani, mbwa wetu amemwegemea mguuni.

"Jessie, nimefanya nini mimi," akaniambia, na haikuwa swali.

"Umemlisha mtoto aliyekuwa na njaa," nikamwambia. "Badilisha hayo mabuti, utaanguka."

Begi likaingia garini. Merehana akakaa nyuma na Eru kwenye kiti chake, nimemfunika mpaka machoni. Glenys akawasha gari. Na hapo pikapu ya Ewan ikatokea kwenye kona, ikaja mbio barabara ya changarawe, ikasimama getini na kuziba njia. Aliruka chini na mabuti yake ya mpira, amepakaa mavi ya ng'ombe mpaka kiunoni.

"Mnaenda wapi? Eru ana nini?"

Merehana akashusha kioo. "Alfajiri ulimpa maziwa?"

"Nani, Eru?"

"Ewan! Ulimpa au hukumpa?"

"Sikumpa. Alikuwa amelala fofofo, na wewe ulikuwa umelala fofofo, unakoroma. Nikaona vibaya kuwaamsha. Nikatoa chupa zote mbili kwenye friji, nikaziweka kwenye maji ya moto pembeni ya jiko, nikasema mmoja wenu akiamka atazikuta."

"Zote mbili? Zangu?"

"Zako. Za nani tena?"

"Na ya kondoo?" Murdo akauliza kutoka nyuma yangu. Sauti ilimtoka nyembamba.

"Kondoo nilimnywesha mwenyewe kabla sijatoka. Halafu chupa yake nikaondoka nayo niijaze." Ewan akaingiza mkono mfukoni mwa koti, akaitoa. "Hii hapa. Ng'ombe wawili wamezaa, hii ni ya leo leo. Kwani vipi?"

Aliinyanyua juani. Ilikuwa imejaa dang'a ya manjano, nzito kama uji wa mayai, na katikati ya tumbo lake mstari wa bluu wa Murdo, haujafifia hata kidogo.

Injini ya Glenys ilikuwa inanguruma. Mbwa akapiga chafya. Halafu Merehana akasema, polepole sana, kama mtu anayejumlisha:

"Kwa hiyo kondoo amekunywa maziwa yangu."

"Chupa nzima?" Ewan akauliza.

"Mpaka tone la mwisho," Murdo akasema.

Wa kwanza kuangua kicheko alikuwa Glenys. Aliangusha paji la uso kwenye usukani na honi ikalia, kondoo wa karibu na uzio wakatimka wote. Kisha Merehana akacheka. Sikuwa nimekisikia kicheko chake tangu mwezi wa tano, nilikuwa nimesahau kwamba ni kikubwa vile, kinatoka tumboni. Alicheka mpaka machozi, halafu machozi yakabaki bila kicheko, halafu vyote viwili vikaja pamoja.

"Nakamua mchana kutwa kama ng'ombe wa maonyesho," akasema, "halafu anayeshiba ni kondoo!"

"Nisamehe, mwanangu," Murdo akamwambia dirishani.

"Baba, nyamaza. Njoo hapa." Akamshika masikio yote mawili, akambusu kipara.

Ewan alikuwa bado haelewi, tukamweleza tukiwa wanne kwa mara moja. Alipoelewa alimgeukia baba yake. "Basi huyo kondoo umeshamkosa. Jana si ulisema huyu wa Krismasi, na viazi vipya?"

"Nilisema hivyo?"

"Ulisema hivyo ukimpapasa paja. Sasa ni ndugu yake Eru wa kunyonya. Utamla ndugu wa mjukuu wako?"

"Nitakula viazi," Murdo akasema.

Tukarudi ndani. Murdo alitaka bado kujua kwa nini moja ilikuwa nzito na nyingine nyepesi, hakutaka aonekane kwamba ameota. Glenys akamweleza kwamba maziwa ya mama yakikaa kwenye friji mafuta hupanda juu, na yale yaliyokaa zaidi hutengana zaidi. "Umempa Eru yenye mafuta mengi, Mzee Murdo. Ulikosea kuhesabu vinywa, lakini kuchagua ulichagua vizuri." Murdo alivaa kofia yake, akiwa ndani ya nyumba, na nikamwacha.

Kulikuwa bado na mizani.

Glenys aliiweka mezani, pale penye jua, akatandika nepi safi ili Eru asiguswe na ubaridi wa chuma. Tulimvua nguo. Miguu yake ilirusharusha hewani. Tukasimama tukiizunguka meza, na sote tulikuwa tumeshika kitu: mimi kitambaa cha vyombo, Murdo mgongo wa kiti, Ewan mkono wa mke wake. Glenys aliangalia namba. Akamtoa mtoto, akairudisha mizani sifuri, akamweka tena. Wiki iliyopita pia alikuwa amefanya hivyo, akapima mara mbili, na nilihisi Merehana ameacha kupumua.

"Umepanda," Glenys akasema. "Tena umepanda vizuri, zaidi ya nilivyokuwa nategemea. Angalia hapa. Angalia paja hili! Juma lililopita hapa palikuwa na ngozi tu."

Merehana alikaa chini. Kiti hakikuwepo pale alipokaa, Ewan akamdaka.

"Sasa nisikilizeni," Glenys akaendelea huku akimvisha mtoto. "Huyu hana tena shughuli Dunedin. Fungueni hayo madirisha, humu mnanuka kondoo na moshi na soksi. Jua likiwa kali mtoeni nje kidogo, kofia kichwani. Na wageni waje, mmoja mmoja, wasiwe na mafua."

"Mama yangu?" Merehana akauliza.

"Mama yako kwanza."

Alimpigia palepale. Tulisikia simu ikiita mara moja tu, ikapokelewa. Merehana akasema, "Mama, njoo," na kutoka upande wa pili tukasikia kelele, kisha mlango ukibamizwa, kisha sauti ikiuliza kwa mbali ufunguo wa gari uko wapi. Hata kwa heri hakusema.

Murdo alifungua madirisha. Ilikuwa kazi, maana alikuwa ameziba nyufa kwa magazeti na matambara mwezi wa sita, na unyevu ulikuwa umeyagandisha. Alitumia kisu cha siagi na maneno ambayo sitayaandika. La kwanza lilipoachia, hewa iliingia, baridi bado lakini si ile ya kukata, ina harufu ya majani na udongo na mvua ya jana. Kwenye mti wa kowhai, ule unaochanua manjano kila mwaka, yule ndege mweusi mwenye kishada cheupe kooni alikuwa ameshafika kwenye maua, anaimba vipande vipande kama kawaida yake, anakohoa katikati.

Nikatoa dagaa. Msimu wa wale dagaa weupe wa mtoni ulikuwa umefunguliwa juzi tu, na Murdo alikuwa amepata kikombe kimoja kwenye wavu wake, nikawa nimewaficha nyuma ya jagi la krimu nisijue nawawekea siku gani. Huwa siongezi mambo. Mayai mawili ya kuku wangu, chumvi, dagaa wengi kuliko mayai, siagi ichemke kwenye kikaango mpaka ianze kunukia njugu. Kimanda kinamwagwa kidogo kidogo, kila kimoja kama kiganja, kinageuzwa mara moja. Kinaliwa kwenye mkate mweupe laini na ndimu. Mtu akikuwekea unga ndani ya kimanda cha dagaa, ujue hakupendi au hana dagaa.

"Mimi niko kazini," Glenys akasema, akavuta kiti.

Tulikulia kibarazani, sahani magotini. Eru alikuwa amefungwa kama kifurushi kifuani kwa baba yake, pua tu ndiyo iko nje. Jua lilipompiga usoni alifumba macho, akakunja sura yote, akapiga chafya, na kisha akafumbua jicho moja kuangalia nani amefanya vile. Ndiyo mara yake ya kwanza kuona nje bila kioo katikati. Hakulia. Alifungua kiganja, akakifunga, akakifungua.

Merehana alikula kimoja. Nikampa cha pili, akala. Akaangalia kikaango.

"Mama, hicho ni cha nani?"

"Cha Murdo."

"Baba ana chakula chake," akasema. "Ameshasema atakula viazi." Akakichukua. Murdo alimtazama akikila mpaka mwisho, na sijawahi kumwona mtu aliyenyang'anywa chakula akawa na furaha vile.

Mchana nilifua. Nepi zote, mashuka, mito, kila kitu kilichokuwa kimekaushwa juu ya jiko miezi yote mpaka kikawa na rangi ya chai. Nilianika nje kwenye kamba, nikapandisha kamba kwa ule mti wake wenye panda, upepo wa baharini ukazijaza nguo. Kwa kawaida majira ya baridi nguo hapa zinakauka kwa kuganda, ukiikunja suruali inavunjika kama mkate mkavu. Siku hiyo zilirudi laini. Nilitia uso ndani yake nikasimama pale uwanjani kwa muda, mtu angepita angesema huyu bibi analia, na asingekosea sana, lakini hapakupita mtu.

Kisha Ewan na baba yake wakakibeba kitanda. Glenys alikuwa amesema chumba cha nyuma sasa kinafaa, mradi wawashe jiko dogo la mafuta jioni. Walikigongesha mlangoni, wakabishana nani aende kinyumenyume, wakakigeuza ubavu, Murdo akasema kitanda hakikuingia hivi, Ewan akasema, "Baba, kilitoka hivi hivi, hakijanenepa." Mwisho kikapita. Merehana akaweka kikapu kando yake, akalala na nguo zake zote, na mama yake alipofika kutoka Bluff alimkuta hivyo, akakaa kwenye ukingo wa kitanda na koti lake bado amelivaa, mjukuu mikononi, wala hakutaka chai.

Tukabaki jikoni mimi na Murdo. Jikoni kulikuwa kukubwa, sikuwa nakumbuka kama ni kukubwa vile. Pale palipokuwa kitanda mbao za sakafu zilikuwa na rangi nyingine. Mimi nikaosha, yeye akafuta, maana siku ile alikuwa ameshaharibu sifa yake na hakuona sababu ya kuirudisha.

Tulikuwa tunanong'ona. Sikugundua mpaka nilipomwomba kitambaa akanijibu kwa kunong'ona na yeye. Miezi yote tulikuwa tumeongea hivyo, tunatembea na soksi, tunaweka vijiko mezani kimoja kimoja.

"Murdo," nikasema kwa sauti.

Alishtuka, kifuniko cha sufuria kubwa kikamponyoka. Kilianguka ukingoni, kikazunguka, kikazunguka, kikalia kama kengele sakafu nzima, na kila tulipodhani kimenyamaza kikaanza tena. Tulisimama kama wezi, tunaangalia mlango wa nyuma.

Hakuna aliyetuambia shii. Hakuna mtoto aliyelia. Tulisikia tu mtu akigeuka kitandani, na bibi mwenzangu wa Bluff akicheka peke yake kwa sauti ya chini.

"Kiokote," nikamwambia Murdo.

"Nikiokota kitalia tena," akasema.

"Kilie."